Usiniambie Hujachoka

Malindi, ofisini kiwandani, baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na kesho tutapeana nyingine na machozi juu yake, kwa hivyo hapa sizipotezei wino. Mamako amekwambia kuhusu sala, nyama ya kula na ya kutokula, soksi za sufu, na wanaume. Shangazi yako Mwanamisi amekwambia hayo hayo kwa sauti kubwa zaidi. Nyumba imejaa wanawake na mabegi, na kila mmoja ana lake la kukuusia. Mimi nimekimbilia huku, mashine ya barafu inanguruma nyuma ya ukuta, na nina jambo moja tu. Barua hii nitakupa mkononi baada ya magharibi. Isome leo leo, usiichukue ukaisomee angani. Kesho kabla hatujatoka mlangoni nitakuuliza swali, na nataka uwe umeshajua kwa nini nauliza.

Nianze na kinyongo, maana nisipokitoa mapema kitanivuruga hesabu zote.

Mimi, babako, nilijua mipango yako kwa fundi cherehani. Nilipita dukani kwake kuchukua kanzu, akaniambia, “Hongera, Bwana Barafu! Bintiyo kaniletea suruali nitie sufi ndani. Asema huko Utaliani atateremka milima isiyokanyagwa na mtu.” Nikacheka kama ninayejua. Nilicheka mpaka nje ya duka, kisha nikakaa ndani ya pikapu robo saa bila kuwasha gari. Mamako alijua. Mwanamisi alijua. Hata bawabu wa hoteli unakofanya kazi alijua, akaniambia umeitazama ile kanda ya video mara kumi na moja, ile ya vijana wanaozama kwenye theluji mpaka kiunoni na theluji inaruka nyuma yao kama unga.

Nilipokuuliza hukuficha. Hilo nakushukuru. Ulisema, “Baba, siendi kule kutandika vitanda tu. Nitateleza. Na si pale penye kamba na watoto wadogo. Nataka theluji mbichi.”

Ulikuwa umejiandaa nikatae, nikaona kidevu chako kimeshainuka. Nikakwambia, “Vyema. Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, vilima vya mchanga vya Mambrui. Uje na viatu vya kufunga.”

Wiki kumi na moja, siku tatu kila wiki, ni asubuhi thelathini na tatu. Ulikosa nne. Ulipanda mchanga ule na gunia la kilo kumi na mbili mgongoni, kisha la kumi na nane. Uliketi hewani bila kiti, mgongo ukutani, mimi nikihesabu sekunde. Ulisimama kwa mguu mmoja macho umefumba mpaka kuku wa jirani wakakuzoea. Wale akina mama wachota maji walitufanya kichekesho chao cha asubuhi. “Bwana Barafu, huyo ni binti au hamali?” Nawe siku moja ulilitupa gunia chini ukaniambia, “Baba, mimi si punda.” Nikakujibu, “Punda hupumzika. Panda.” Ulinichukia siku ile, nami nikakuacha unichukie, kwa sababu kukueleza kulikuwa kugumu kuliko kuchukiwa.

Sasa juzi. Jaribio la mwisho, mizunguko sita. Mzunguko wa tano nilikuwa chini, nikaona goti lako la kushoto linatetemeka na mguu umetua upande. Ulipofika nikakuuliza, “Umechoka?” Ukapangusa uso kwa leso, ukacheka. “Sijachoka, Baba. Nikichoka utajua.”

Niligeuka nikajifanya natazama gari. Jua la saa tatu lilikuwa limeshawaka na vidole vyangu vilikuwa baridi. Neno lile, kwa kicheko kile kile, naujua mdomo uliolisema kabla yako. Ni mdomo wangu.

Ile picha iliyo ukutani sebuleni unaijua tangu utotoni. Mimi, mikono yote miwili imefungwa bendeji, nyuma yangu mlima mweupe. Na hadithi yake unaijua, maana kila mgeni huiulizia: babako alichimba theluji kumtafuta rafiki yake kwa mikono mitupu mpaka kucha zikang’oka. Na kadi ya Bi Marta ifikayo kila mwisho wa mwaka unaijua pia, wewe ndiwe uliyekuwa ukinisomea: “Kwako wewe uliyechimba kwa ajili ya ndugu yangu.” Yote ni kweli. Nilichimba, na kucha ziling’oka. Lakini hadithi ile haina mwanzo. Mwanzo wake niliukata mimi.

Kitaliani nilikiokota Ngomeni, nikiwabebea mizigo Wataliani waliokuwa wakifanya kazi baharini. Mmoja wao, fundi wa mitambo, alipomaliza mkataba wake akanichukua kwao nikatazame mtambo wa joto kwenye nyumba ya wageni ya jamaa zake. Wewe ulikuwa na miaka miwili. Nyumba ile ndiyo hiyo hiyo uendayo wewe. Marta alikuwa akipika, na kaka yake Beppe akifanya kila kitu kingine. Beppe alikuwa mfupi, shingo kama fahali, akitafuna vitunguu vibichi kama tunavyotafuna sisi maembe. Aliniita “Malindi”. Ndiye aliyenifungia zile mbao za kutelezea miguuni mara ya kwanza. “Malindi, unateleza kama mtu anayefukuzwa na askari,” alikuwa akinipigia kelele. “Kaa chini! Magoti! Huna magoti kwenu?”

Msimu wa kwanza nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu. Wa pili nikaanza kuteremka naye nje ya njia zilizotengenezwa, nyuma yake, nikikanyaga alipokanyaga. Wa tatu nilikuwa hodari. Nakwambia bila majivuno: watu walisimama kunitazama. Na huo msimu wa tatu ndio uliokuwa wa hatari, kwa sababu nilikuwa nimeacha kuogopa na sikuwa nimejifunza kupima.

Beppe alikuwa na kawaida yake. Kabla theluji haijaanguka, miezi miwili mizima, alipandisha kuni orofa ya tatu kwa mgongo, na kapi ya kuvutia mizigo ipo. Alipiga mswaki kwa mguu mmoja. Aliniambia nifanye naye. Nikamjibu, “Beppe, mimi nimekulia Mambrui, juu ya mchanga. Miguu yangu ni ya mchanga.” Hesabu mbovu, mama. Miguu ya mchanga ilikuwa ya kijana wa miaka kumi na tano. Huyu wa sasa alikuwa na ishirini na minane, ameshinda kiangazi chote kwenye chumba cha mtambo akila ile sima yao ya mahindi na jibini juu yake, ameongeza kilo tisa. Lakini kwenye kichwa changu bado nilikuwa yule kijana.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, posta iliniletea kanda. Mamako alikuwa ameazima kinasa sauti, mkaniandikia barua ya sauti. Ulikuwa na miaka mitano. Ulihesabu kuanzia moja hadi mia ili Baba asikie kuwa wajua. Uliruka kumi na tatu. Nilikuwa nikiisikiliza kila siku baada ya kazi, nikingoja uiseme kumi na tatu, na kila siku ulikuwa ukiiruka.

Jumapili ile betri za kinasa sauti zikafa ukiwa kwenye sabini na kitu. Sauti yako ikawa nzito kama ya mzee, kisha ikanyamaza. Maduka yamefungwa. Nikafungua kile kisanduku changu cha mlio, nikatoa betri zake mbili, nikatia kwenye kinasa sauti. Nikasema nitazirudisha asubuhi.

Kisanduku cha mlio nitakueleza, maana utakivaa. Ni kama redio ndogo, hufungwa kifuani ndani ya koti. Kila mmoja avaa chake na kila kimoja chatoa mlio usiosikika kwa sikio tupu. Mtu akifukiwa na theluji, wenzake hugeuza swichi ya vyao kutoka kutuma kwenda kusikiliza, wakatia kisikizi sikioni, wakaufuata ule mlio mpaka alipo. Ndivyo atafutwavyo mtu. Macho hayaoni kitu pale, na kupiga makelele ni bure, theluji hailipi sauti.

Asubuhi ya Jumatatu mbingu ilikuwa safi kama kioo kilichooshwa. Siku tatu zilizotangulia theluji ilianguka na upepo mkali juu yake. Beppe alikuwa ameshatoka nje anafunga mkoba, akaniuliza mlangoni, “Kimewaka?”

Nilishika kifua. Kisanduku kilikuwa chepesi, na hapo ndipo nilipokumbuka. Kurudi chumbani ni ngazi thelathini na sita, na kumweleza kuwa nimetoa betri kusikiliza mtoto akihesabu, niliona haya. Nikawaza: Beppe yuko nami, cha Beppe kinawaka, viwili vya nini? Nikasema, “Kimewaka.”

Kwa kawaida angesimama mbele yangu akakijaribu kwa sikio lake. Siku ile tulikuwa tumechelewa, akaniamini.

Soma polepole hapa, Zuhura. Nilidhani kisanduku changu ni cha kuniokoa mimi. Kumbe changu kilikuwa chake, na chake kilikuwa changu. Mimi mtu wa hesabu, ninayejua bonge la barafu litayeyuka kiasi gani kutoka hapa hadi Ngomeni, hesabu ya viwili sikuiweza.

Tulipanda kwa miguu muda wa saa nne, ngozi zimefungwa chini ya zile mbao zisirudi nyuma. Saa ya pili mapaja yangu yalikuwa yameshaanza kuuma. Beppe akageuka. “Malindi, umechoka?” “Sijachoka.” Kileleni, hewa haitoshi kifua, akauliza tena. “Sijachoka, nawe mbona waniuliza kama mke?” Akacheka.

Kuteremka theluji mbichi sivyo uonavyo kwenye kanda. Kila unapopinda unachuchumaa na kuinuka, na theluji inakushika kama matope ya mikokoni. Mipindo mia ni kuchuchumaa mara mia na mzigo mgongoni. Ndiyo maana ya gunia. Ndiyo maana ya kukaa bila kiti. Sikuwa nakutesa, nilikuwa nakujazia akiba ya baada ya mpindo wa arubaini, kwa sababu wangu wa arubaini mapaja yalikuwa kama yamemwagiwa mafuta ya moto, na hapo tulikuwa hatujafika hata nusu.

Tukafika penye njia mbili. Ya kwanza yapita msituni, mteremko wa kadiri, saa moja na nusu. Ya pili ni uwanda mtupu nyuma ya ukingo, mkali, dakika kumi mpaka chini.

Beppe akasema, “Msituni.”

Nikasema, “Hii fupi ina nini?”

“Upepo ulikuwa ukija kutoka upande ule siku tatu. Theluji yote imemwagwa huku.” Akagonga kwa fimbo yake. “Sikia. Yalia kama ngoma. Chini ni tupu.”

Nami nikagonga. Pagumu. Na hapo nikasema neno ambalo asingelisema mtu wa kule hata mlevi, neno la mtu wa Mambrui. “Beppe, mimi nimekulia kwenye vilima vilivyotengenezwa na upepo. Mchanga uliopigwa na upepo ukawa mgumu ndio wa kukanyaga. Ule laini ndio unaoporomoka. Hapa pagumu. Twende.”

Kwetu ni kweli. Wewe mwenyewe wajua, upande unaopigwa na kusi wapanda kama ngazi, na upande wa pili mchanga wakimbia chini ya miguu. Lakini theluji si mchanga. Theluji ikipakiwa na upepo nyuma ya ukingo hushikana ikawa bamba moja, na bamba lile limelala juu ya theluji dhaifu kama kigae juu ya gololi. Ugumu wake ndio ubaya wake. Mchanga ukikatika waenda konzi konzi, bamba likikatika laenda lote.

Tena sikuliamini neno langu sawasawa. Nililisema kwa sababu mapaja yangu hayakuwa na saa moja na nusu ndani yake. Laiti ningesema “Beppe, nimechoka,” tungekaa chini, tungekula vitunguu vyake, tungeteremka msituni taratibu hata kama ni kwa matako. Badala yake nikamsomesha elimu ya mchanga.

Akaniuliza mara ya tatu. Akanitazama machoni. “Malindi. Miguu ni mizima?”

“Mizima.”

“Haya. Mmoja mmoja. Wewe kwanza, mimi nasimama kwenye jiwe hili nikutazame. Ukifika kwenye miti ndipo nije.”

Nilipinda mara saba. Ya nane paja la kushoto likakataa. Nikaanguka katikati ya uwanda, mbao moja ikachimba ndani, na kila nilivyojivuta ndivyo nilivyozidi kuzama. Nilijaribu kuinuka mara nne, mapaja hayakujibu. Beppe alijua haifai kuja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa hawaendi wawili. Lakini aliniona nimekwama kama mbuzi kwenye matope, naye alikuwa Beppe. Akaja.

Alikuwa amebakisha kama urefu wa pikapu mbili kunifikia. Nikasikia mlio mzito chini yetu, kama mtu ameketi ghafla kwenye kitanda kikubwa. Nikaona ufa ukipita juu ya kichwa chake, kutoka kushoto hadi kulia, haraka kuliko nisomavyo mstari. Hakupiga kelele. Alisema tu, “Ah, Malindi.”

Mimi nilikuwa karibu na ukingo wa bamba, likanitupa kando nikazikwa mpaka kifuani. Nilipojitoa uwanda wote ulikuwa umebadilika na hapakuwa na mtu.

Nikageuza swichi. Mkono wangu uligeuza swichi ya kisanduku kitupu, mama, nikatia kisikizi sikioni, nikasimama nasikiliza. Yeye alikuwa akituma. Pale chini, chake kilikuwa kikiniita, mlio baada ya mlio, nami nina kisanduku kisicho na betri. Beleshi alikuwa nalo yeye mkobani. Mimi sikubeba la kwangu, kwa sababu ya uzito. Basi nikachimba kwa mikono pale nilipodhani, kisha pale, kisha pale. Ndizo zile kucha.

Watu watatu waliokuwa msituni waliona vumbi la theluji wakaja. Ilikuwa imepita robo tatu ya saa. Walipowasha vyao walimpata kwa dakika tatu, ameshakata roho. Alikuwa hatua kumi na mbili kutoka pale nilipochimba kwanza. Kilikuwa kina cha kiunoni tu.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu betri. Mmoja alikiona kisanduku kifuani kwangu, nikasema kimeharibika nilipoanguka. Marta akaishika mikono yangu yenye bendeji akaibusu. Mwezi ule ule nikarudi Malindi, nikaanza na friza mbili za mtumba kuwauzia barafu wavuvi. Watu wakaniita Bwana Barafu, nikaitika. Nilichukia jina lile kila siku na nikaitika.

Sasa lishike hili moja usilipotoshe: sauti yako haikumwua mtu. Mtoto wa miaka mitano alihesabu, kazi yake ikaisha. Aliyetoa betri ni mtu mzima, na aliyesema “kimewaka” ni mtu mzima. Nikikuona umejitwika hata konzi moja ya lile, nitajuta kuandika.

Nimeandika kwa sababu wewe ni hodari. Umefikisha sekunde mia na kumi bila kiti, mimi nilipokuwa kule sikufikisha sitini. Miguu yako itatosha, na ikitosha itakupa kitu ambacho sikuwa nacho, nacho ni akili saa tisa alasiri. Mwili ukiwa umekwisha, kichwa huanza kuutetea kwa hoja nzuri nzuri, na hutazijua kuwa ni uchovu. Utaziona ni ujuzi. Kwa hivyo ukijisikia unatetea sana njia fupi, kwanza yaulize mapaja.

Atatokea kijana na miwani mizuri, atakufundisha siku tatu atakwambia uko tayari. Mwache aseme. Msimu huu baki penye kamba na watoto, hata kama wanakucheka. Mimi walinicheka na nilikuwa na ndevu. Utakapotoka nje ya njia, toka na mtu wa kijiji kile aliyewahi kurudi nyuma. Muulize lini alirudi mara ya mwisho kabla ya kufika. Akikwambia hajawahi, huyo si wako. Theluji ikianguka na upepo, ngoja, hata jua likiwaka vipi, siku mbili, tatu, mpaka wenyeji waende. Kipimo chako cha fimbo nilichokukatia kiko kwenye begi la bluu: mteremko ukifika nyuzi thelathini, hapo ndipo mchezo umekwisha na hesabu imeanza. Ukisikia ngoma, ukiona ufa unakimbia mbele ya mbao zako, umeshaambiwa. Na ukibebwa, tupa fimbo, pigana ubaki juu, na kabla haijasimama lete mikono usoni ujifanyie nafasi ya kupumua, kwa sababu ikisimama inakuwa saruji.

Beleshi lako ubebe mwenyewe. Na kisanduku, mlangoni, kila siku, simama mbele ya mwenzako ujaribu chake kwa sikio lako, naye ajaribu chako. Mtu akikwambia kimewaka, mwambie nataka kusikia. Aone wewe ni mkorofi. Beppe aliniamini siku moja tu.

Limebaki la Marta. Siwezi kukuacha ukaketi mezani kwake ukala shukrani ambazo si zangu. Siku kumi na mbili zilizopita nilimwandikia yote haya, nikaitia posta kwa mkono wangu ili nisiweze kuirudia. Jibu halijaja. Simu wala telegramu. Utakapofika huenda akakufungulia mlango, huenda asifungue, na asipofungua ana haki, usimjibu neno. Kwenye bahasha ya pasipoti kuna anwani ya masista wanaopokea wasichana wafanyao kazi, kituo cha pili cha basi. Nimeshawapigia simu na wamekubali. Huenda nimekuharibia kazi, Zuhura. Nilipima, nikaona bora uikose kazi kuliko uende mlima ule ukiamini hadithi ya picha ile.

Mamako na Mwanamisi wamekunasia kanda. Imo ndani ya kiatu cha kushoto. Kwenye kiatu cha kulia kuna betri kumi na sita ndogo, nimezifunga kwa soksi na kuandika juu yake kwa kalamu nyekundu. Hizo ni za kisanduku. Za kinasa sauti utanunua mwenyewe, na maduka yakiwa yamefungwa, sisi tutangoja. Tunajua kungoja.

Basi kesho, mabegi yakiwa garini na wanawake wote wanatazama, nitakuuliza, “Umechoka?” Wiki kumi na moja za mchanga, wiki mbili za kuaga watu, usiku mmoja wa barua hii. Sitaki kusikia lile neno la juzi. Nataka unitazame useme kweli, mbele za watu, usione haya, ulizoee mdomoni kabla hujalihitaji.

Na kwa kuwa siwezi kukutaka kitu ambacho mwenyewe sijakifanya, naanza mimi. Sijalisema tangu siku ile pale penye njia mbili, na mkono unasita kuliandika hata hapa, hakuna mtu, mashine tu.

Nimechoka, mama.

Babako